Gari inatetemeka: tutafute wapi kwanza?



Katika muhula huu wengi wametuuliza neno moja, sisi wa kikundi cha mekanike: juu ya nini gari ya kupanda milima, kama Land Cruiser ao Land Rover, inaanza kutetemeka ikifika mwendo fulani, na juu ya nini mafundi hawapatani juu ya chanzo? Mumoja anasema ni pine. Mwingine anasema ni kadani. Wa tatu anasema motere imechoka. Mwenye gari anauzisha vyote vitatu, feza zinaisha, na gari inatetemeka sawa jana.

Tunajua gari moja ya kubeba mizigo ambayo mwenyewe aliiwekea pine ine mpya. Mutetemeko haukutoka. Kisha alibadilisha amortisere. Mutetemeko haukutoka. Mwisho shofere mumoja muzee alilala chini ya gari, akaangalia kadani, akaona ya kwamba siku walipoifungua kwa kutengeneza bwati, waliirudisha vibaya. Aliifungua, akaizungusha, akaifunga tena. Kazi ya saa moja, bila kununua hata bulo moja.

Basi neno letu la leo ni hili: mutetemeko una tabia yake, na tabia ile inaonyesha kwao. Tunapashwa kuuliza gari kwanza, kisha kununua.

1. Njia ya nguvu

Nguvu inatoka katika motere, inapita katika ambreyaji, inaingia katika bwati ya vitesi. Katika gari ya kupanda milima inapita tena katika bwati ya transfere, ile inayogawanya nguvu ya mbele na ya nyuma. Kutoka pale kuna vyuma viwili virefu vinavyozunguka: kadani ya nyuma na kadani ya mbele. Kila kadani inapeleka nguvu katika ponti yake, na ponti inapeleka katika magurudumu.

Bwati imefungwa kwenye shasi, haipande wala haishuke. Lakini ponti inaruka juu na chini kwa kila shimo la njia. Kwa hiyo kadani haiwezi kuwa chuma kimoja kigumu. Kila mwisho wake kuna uma mbili zilizounganishwa na kipande chenye umbo la musalaba, na katika kila ncha ya musalaba kuna rulema ndogo za sindano. Katikati ya kadani kuna meno yanayoteleza, ili iweze kurefuka na kufupika.

Jina kadani linatoka kwa Gerolamo Cardano, mwenye elimu wa Italia aliyeishi tangu 1501 hadi 1576. Mwingereza Robert Hooke alieleza kazi ya musalaba huu katika mwaka 1676. Na katika mwaka 1903 Mwamerika Clarence Spicer alipata hati ya kuutumia katika motokari. Kitu hiki ni cha zamani, lakini kanuni yake haijabadilika.

2. Tupige hesabu kwanza

Wanafunzi wengine wanasema hesabu za fizike hazina faida nje ya darasa. Hapa njo tutaona faida yake.

Pine ya 7.50-16, ile ya magari mengi ya kwetu, ina upana wa karibu 0,80 m kutoka juu mpaka chini. Tukizidisha na 3,14 tunapata karibu 2,5 m. Ndiyo njia inayopitwa na pine kwa muzunguko mumoja.

Gari ikienda 60 km kwa saa, inapita 1 000 m kwa dakika. 1 000 : 2,5 = 400. Pine inazunguka mara 400 kwa dakika, maana yake karibu mara 7 kwa sekunde.

Sasa tuseme ponti ina hesabu ya 4,1. Kadani inapashwa kuzunguka mara 4,1 ili gurudumu lizunguke mara 1. 400 × 4,1 = 1 640. Kadani inazunguka mara 1 640 kwa dakika, karibu mara 27 kwa sekunde.

Munaona tofauti? Pine mbaya inapiga mara 7 kwa sekunde: tu-tu-tu-tu. Mutu anasikia kila pigo katika volani ao katika kiti, karibu anaweza kulihesabu. Kadani mbaya inapiga mara 27 kwa sekunde: mutu hawezi kuhesabu, anasikia tu ngurumo, vvvvv, kama nyuki ndani ya debe. Kioo cha kuangalia nyuma kinakuwa na ukungu, na miguu inawasha kwenye sakafu. Na musalaba uliolegea ao wenye pembe mbaya unasukuma mara 2 kwa kila muzunguko wa kadani, ni kusema karibu mara 55 kwa sekunde. Ngurumo ile ni nyembamba zaidi.

Kwa hiyo ulizo la kwanza ni hili: ni pigo la kuhesabika ao ni ngurumo? Ulizo hili halilipishwi hata faranga moja.

3. Maulizo ya njiani

Majaribio haya ni kazi ya shofere mwenye ruhusa, katika njia sawa na nyeupe, bila watu nyuma. Mwanafunzi akae kando yake na kartasi, aandike. Tunajaribu kitu kimoja kwa mara moja, maana ukibadilisha viwili pamoja hutajua ni kipi kilichojibu.

a) Gari isimame, bila vitesi, motere iongezwe polepole. Kama mutetemeko unakuja hata gari haitembei, kadani haina hatia. Tuangalie motere na mipira inayoishikilia.

b) Gari itembee kwa mwendo ule inaotetemeka, tuseme 60, katika vitesi ya 4. Kisha shofere abadilishe vitesi lakini abakie katika 60. Motere sasa inazunguka kwa mwendo mwingine, lakini kadani na pine zinazunguka sawa mbele, kwa sababu ziko nyuma ya bwati ya vitesi. Mutetemeko ukibaki vilevile, motere imepona katika hukumu. Ukibadilika, tuirudilie motere na ambreyaji.

c) Katika mwendo uleule, shofere aondoe vitesi kwa nafasi fupi, gari iende yenyewe. Hii tusiifanye hata kidogo kwenye muteremko, na motere isizimwe. Mutetemeko ukibaki, chanzo ni kitu kinachozunguka kwa uzito usio sawa: pine, janti, ao kadani yenyewe. Ukipotea pale nguvu inapokatwa, chanzo ni kitu kinachoumia kikivuta: musalaba uliolegea, pembe mbaya, ao mupira wa bwati uliopasuka.

d) Kama gari inatetemeka wakati wa kuondoka tu, ikiwa na muzigo, kisha inanyamaza, tufikiri juu ya pembe. Motere ikivuta kwa nguvu, ponti ya nyuma inainua pua yake juu, na resori zilizochoka zinaiacha inuke sana.

e) Magari mengi ya kwetu yana magurudumu ya mbele yanayofungwa na kufunguliwa kwa mukono, mafundi wanayaita rulibre. Yakifunguliwa, na levye ikiwa katika magurudumu mawili, kadani ya mbele inalala. Yakifungwa, kadani ile inazunguka hata kama haivute kitu. Basi tuende mara moja yakiwa yamefunguliwa, na mara ya pili yakiwa yamefungwa. Mutetemeko ukija mara ya pili tu, tunajua wapi pa kuangalia. Jaribio hili halifai kwa gari ambayo magurudumu yake mane yanavuta siku zote, kama Land Rover Defender.

f) Kama volani inacheza kulia na kushoto kwa nguvu kiisha kupiga shimo, mpaka shofere anapashwa kusimama, hiyo haiko kadani. Ni rulema za mbele, rotili, mikono ya volani, ao pine. Na tusiendeshe gari ile mpaka itengenezwe.

4. Chini ya gari

Kabla ya kuingia chini: motere izimwe, ufunguo ukae mufukoni mwa yule anayelala chini, mawe makubwa yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Mutu asiingie chini ya gari iliyobebwa na kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua, haiko ya kushikilia.

Tuanze na kile kisicholipishwa. Kwanza kabisa, matope. Katika majira ya mvua udongo unaingia ndani ya janti, unakauka upande mumoja, na gurudumu linakuwa na uzito usio sawa. Mara mingi fimbo na ndoo mbili za maji vinatosha. Tutazame vilevile kama udongo ao lami imeshikamana na kadani.

Pili, pine. Tuinue gurudumu, tuweke kipande cha chaki karibu nalo bila kuligusa, tulizungushe polepole. Kama chaki inagusa upande mumoja na kuacha mwingine, janti imepindika ao pine haiko muviringo. Tuangalie pia bulo za gurudumu.

Tatu, misalaba. Tukamate kadani kwa mikono miwili, tuisukume juu na chini, kisha tuizungushe kwenda na kurudi. Musalaba muzima haucheze hata kidogo. Unga mwekundu wa kutu pembeni ya kofia za rulema ni alama ya kwamba grese ilikwisha zamani na sindano zinakula chuma. Alama nyingine ni mulio wa chuma, kling, shofere akitia vitesi ya nyuma. Musalaba wenye tundu la grese tuupige grese mpaka mpya itoke kwa kofia zote ine. Ikitoka kwa tatu tu, rulema ya ine iko kavu.

Ine, bulo za sahani pande zote mbili za kadani. Moja ikilegea, zingine zinafuata.

Tano, ule mufereji wa kadani wenyewe. Jiwe likiupiga, unapindika. Tuangalie vilevile kama kuna alama ya kipande kidogo cha chuma kilichobanduka. Vipande vile viliunganishwa na moto kwenye kiwanda ili uzito uwe sawa. Mutu asivibandue kwa kufikiri ni uchafu!

Sita, pua ya ponti, pale kadani inapoingia. Ikicheza juu na chini, rulema yake imekwisha, na kadani mpya haitaponyesha kitu.

5. Juu ya nini uzito mudogo unaleta fujo kubwa

Nguvu ya kitu kisichokuwa na uzito sawa inaongezeka na muraba wa mwendo. Mwendo ukizidishwa mara 2, nguvu ile inazidishwa mara 4. Ndiyo maana gari inanyamaza katika 40 na inalia katika 80.

Kama tunazania uzito wa kadani, kuna jaribio la zamani la mafundi. Tunafunga kadani na kolye mbili za chuma, zile za kukaza mipira ya maji, vichwa vyao vikiwa pamoja upande mumoja. Tunaandika nafasi yao na chaki, gari inatembea. Kisha tunasogeza vichwa robo ya muzunguko, inatembea tena. Kati ya nafasi ine, moja itakuwa nzuri kupita zote. Pale tunatenganisha vichwa kidogo kidogo mpaka mutetemeko uwe mudogo kabisa. Kama hakuna nafasi inayobadilisha kitu, uzito wa kadani hauko chanzo, na tumejua vile kwa bei ya kolye mbili.

6. Pembe na uma

Hapa wenzetu wa darasa la fizike wasikilize vizuri. Musalaba ukifanya kazi kwa pembe, hautoi mwendo sawa na ule uliopokea. Kila muzunguko unaenda mbio mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kipimo chake ni kosine ya pembe. Tuseme bwati inazungusha mara 1 640 kwa dakika. Kwa pembe ya digri 5, upande wa pili unacheza kati ya 1 634 na 1 646. Ni kidogo. Kwa pembe ya digri 20, unacheza kati ya 1 541 na 1 745. Ni mingi sana!

Dawa yake ni musalaba wa pili. Kama pembe ya nyuma ni sawa na pembe ya mbele, na kama uma mbili za kadani zimelingana, wa pili unafuta kosa la wa kwanza, na ponti inapokea mwendo laini.

Kwa hiyo mambo mawili yanaweza kuharibu hesabu hii. La kwanza ni kubadilisha kimo cha gari. Watu wanaongeza lame za resori ili gari iwe juu na ibebe zaidi, lakini hawaangalie pembe. Tunaweza kuzipima sisi wenyewe na rapotere ya darasa, kamba na jiwe dogo: gari isimame pahali pa sawasawa, tuweke rapotere kwenye sahani ya bwati, kisha kwenye kadani, kisha kwenye sahani ya ponti, na kila mara tusome pale kamba inapoangukia. Tofauti kati ya bwati na kadani ni pembe ya kwanza. Tofauti kati ya kadani na ponti ni pembe ya pili. Katika kadani ya nyuma ya kawaida, yenye musalaba mumoja kila upande, zinapashwa kuwa karibu sawa.

La pili ni kutenganisha kadani kwenye meno yake na kuirudisha kwa jino lingine. Hiyo njo ilikuwa hatia ya gari ile tuliyotaja. Katika kadani ya nyuma ya kawaida, uma mbili zinapashwa kuwa katika usawa mumoja. Lakini tuwe waangalifu: magari mengine yalitoka kiwandani na kadani ya mbele ambayo uma zake hazilingane, kwa kusudi, kwa sababu pembe zake mbili hazifanani. Kwa hiyo kanuni isiyodanganya ni moja: kabla ya kufungua, piga alama ya rangi pande zote mbili, na kwenye sahani pia. Kila kitu kirudi pale kilipotoka.

Tena neno la hatari. Katika Land Rover nyingi na Land Cruiser za zamani, fere ya mukono haishike magurudumu, inashika kadani ya nyuma kwenye bwati. Ukifungua kadani ile, fere ya mukono haiko tena. Gari itateremuka juu ya mutu. Mawe kwanza, kle nyuma.

7. Musiache mutetemeko uzoeleke

Shofere mwingine anasema: «Inatetemeka tangu Krismasi, nimezoea.» Ndugu, chuma hakizoee. Musalaba unaocheza unakula rulema zake, kisha unaharibu uma, kisha unapiga rulema ya bwati na mafuta yanatoka. Mwishoni unakatika. Kadani ikikatika upande wa nyuma, inakokotwa chini na kupiga shasi na mufereji wa mafuta ya fere. Ikikatika upande wa mbele, ncha yake inaanguka, inaweza kujichoma katika udongo na kuinua gari. Na katika gari zetu watu wanakaa nyuma juu ya mizigo: mama anayepelekwa hospitali, wanafunzi wanaorudi likizo, wauzaji na majani yao. Musalaba mumoja uliobadilishwa kwa wakati ni bei ndogo sana mbele ya hayo.

Kwa kufupisha: pigo la kuhesabika, tuanze na matope na pine. Ngurumo isiyobadilika ukiondoa vitesi, uzito wa kadani. Ngurumo inayokuja na nguvu, misalaba na pembe. Mutetemeko unaofuata motere, motere na mipira yake. Volani inayocheza, rotili na rulema za mbele.

Zoezi kwa wasomaji: gari yenye pine zilezile na ponti ya 4,1 inatetemeka kwa 45 km kwa saa. Kadani yake inazunguka mara ngapi kwa dakika? (Jibu: 45 km kwa saa ni 750 m kwa dakika; 750 : 2,5 = 300; 300 × 4,1 = 1 230.)

Mwenye kupata hesabu hii na mwenye kujua kutumia fimbo kwa kutoa matope, huyu ameanza kuwa fundi. Tunawatakia masomo mema na njia njema.

Kikundi cha mekanike